Kuchagua Darubini ya Bunduki kwa Koyote na Wanyama Wadogo Waharibifu

Mazungumzo kwa wakulima wa mashamba madogo katika jimbo la Maine, Marekani



Kazi ya shamba haiishi kwa kupanda na kupalilia. Mazao yakiisha kuota yana adui wengi, na baadhi yao wana miguu minne. Leo nitazungumza nanyi juu ya kitu kimoja tu, nacho ni ile darubini inayofungwa juu ya bunduki. Nazungumza habari zake kwa sababu ni rahisi sana kwa mkulima kutoa fedha za msimu mzima akanunua darubini kubwa isiyomfaa, na wakati huo huo maharagwe yake yanaliwa.

Wengi wenu mmetoka Kongo, Burundi na Somalia. Huko mlizoea kulinda mahindi na mihogo mchana kwa sababu ya nyani na tumbili, na usiku kwa sababu ya nguruwe mwitu. Huku hakuna nyani. Adui mkubwa wa maharagwe, kabichi na maboga machanga ni wudichaki. Ni mnyama wa rangi ya kahawia, mnene, wa miguu mifupi. Akisimama wima mlangoni mwa shimo lake utasema ni pimbi aliyelishwa vizuri. Uzito wake ni kilo 2 mpaka 6. Hutoka asubuhi na alasiri, naye huweza kumaliza mistari ya maharagwe machanga kwa siku chache. Wakati wa baridi hulala shimoni mpaka theluji iyeyuke. Yupo pia rakuni, ambaye huja usiku mahindi yanapoanza kuwa matamu. Na yupo koyote, ndugu wa mbweha. Hapa mashariki koyote ni mkubwa kuliko mbweha tuliowajua, kilo 14 mpaka 20, kwa kuwa wazee wake walichanganya damu na mbwa mwitu wa kaskazini. Anachotafuta kwako ni kuku, bata, na watoto wa mbuzi.

Kabla ya kusema neno la bunduki, sharti niseme neno la uzio. Uzio wa waya uliofukiwa futi 1 ardhini humzuia wudichaki mchana na usiku, nao hauhitaji kulenga. Rakuni huzuiwa vizuri zaidi na nyuzi mbili za umeme kuliko na risasi. Kuku wakifungiwa jioni katika banda lenye sakafu imara, koyote atazunguka na kwenda zake. Tena fahamu kwamba koyote hula panya wa shambani na hao wudichaki wenyewe. Koyote anayepita kando ya shamba lako bila kugusa kuku anakufanyia kazi, na ukimwua huyo, mwingine usiyemjua tabia atakuja kukaa mahali pake. Bunduki ni kwa yule mmoja aliyekwisha kuzoea banda. Kadhalika usipige mwewe hata kama amechukua kifaranga: ndege hao wanalindwa na sheria ya nchi nzima tangu mwaka 1972.

Sheria za jimbo nazo ni lazima kuzijua mapema. Kuwinda kunataka leseni, na anayeanza hufundishwa kwanza usalama wa bunduki. Kumwinda koyote usiku kunataka kibali chake mbali. Haikubaliwi kufyatua bunduki ndani ya yadi 100 za nyumba ya mtu mwingine bila idhini yake, na miji mingine imekataza kabisa kupiga risasi ndani ya mipaka yake. Kama shamba ni la kukodi, mwenye ardhi naye aulizwe. Ukimwuliza askari wa wanyamapori atakueleza yote haya bila malipo, na ni bora kumwuliza kabla ya kununua chochote, maana pengine utaona kwamba shambani pako bunduki haiwezi kutumika hata kidogo. Basi hapo fedha zako ziende katika waya.

Ikiwa umekwisha kuruhusiwa, usiende dukani bado. Nenda kwanza shambani na kamba ya yadi 10 ukapime. Simama pale utakapokaa kulinda, upime mpaka kwenye shimo la wudichaki, mpaka ukingo wa msitu, na mpaka banda la kuku. Andika hesabu hizo. Eka 1 iliyo mraba ina upande wa yadi 70 hivi. Eka 4 zilizo mraba zina upande wa yadi 140 hivi, na kutoka pembe hadi pembe hazifiki yadi 200. Basi mwenye eka 2 au 3 anatafuta nini katika darubini iliyotengenezwa kwa kupiga yadi 400 nyikani kule magharibi? Wenye duka watakuonyesha hiyo kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye bei kubwa. Wewe waonyeshe hesabu zako.

Sasa tuangalie namba zilizoandikwa juu ya darubini. Ukiona 4x32, namba ya kwanza inaeleza jinsi inavyokuza, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kukuza mara 4 maana yake mnyama aliye yadi 80 unamwona kama yupo yadi 20. Ukiona 3-9x40, hiyo hugeuzwa kwa pete, kuanzia mara 3 mpaka mara 9, na kioo chake cha mbele ni milimita 40. Kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo ndiyo wakulima wengi hutumia kwa wudichaki, darubini ya mara 4 isiyogeuzwa yatosha, au ile ya mara 2 mpaka 7. Kwa bunduki ya .223, inayofaa kwa koyote, 3-9x40 ni ya kutosha sana. Kwa bei za siku hizi darubini imara za namna hizo hupatikana kwa dola 100 mpaka 250. Ya dola 30 huonekana nzuri dukani, lakini baada ya mvua mbili huingia ukungu ndani, na hakuna fundi atakayeutoa.

Mtu atauliza, je, kukuza zaidi si kuona zaidi? Sivyo. Darubini ikikuza mnyama hukuza pia tetemeko la mikono yako, na jua likiwa kali hukuza ule mvuke unaocheza juu ya udongo. Zaidi ya hayo, kadiri inavyokuza ndivyo inavyopunguza eneo unaloliona. Ile ya 3-9, ukiiweka mara 3, hukuonyesha upana wa yadi 11 hivi mahali palipo yadi 100 kutoka kwako. Ukiiweka mara 9 unabaki na upana usiofika yadi 4. Wudichaki akikimbia hatua tano umempoteza, na unaanza kumtafuta kama mtu aliyeangusha sindano.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nami napenda mlisikilize vizuri. Chukua mfano wa jioni. Kuku wamepiga kelele, umeinua bunduki, na darubini ipo mara 9. Unaona manyoya ya kijivu na ya kahawia. Manyoya tu. Hujui kama ni koyote au mbwa wa jirani, na hujui nini kipo kulia kwake yadi 3. Pengine ni mtoto wa jirani aliyekuja kumtafuta mbwa wake. Lakini darubini ikiwa mara 3 au 4 utamwona mnyama mzima. Utaona pua nyembamba, masikio makubwa yaliyosimama, na mkia wenye ncha nyeusi ambao koyote huuteremsha chini anapokimbia, hali mbwa wengi huuinua. Utaona pia kilicho mbele yake, nyuma yake na kando yake. Kwa hiyo weka pete katika namba ndogo kabisa wakati wote unapolinda. Ukiisha kumjua mnyama na kuona yupo mbali, ndipo uigeuze. Hakuna hasara: kutoka namba ndogo kwenda kubwa ni kazi ya nukta mbili.

Wala usitumie darubini ya bunduki kutazamia vitu. Kumtazama mtu kwa darubini hiyo ni kumwelekezea mtutu. Kwa kutazama tumia darubini ya macho mawili, hata iwe kuukuu. Ivae shingoni na bunduki ikae chini.

Jambo la mwanga nalo lina hesabu yake, na ni hesabu nyepesi. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa namba ya kukuza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Ile ya 40 ikiwekwa mara 4 inatoa milimita 10. Ikiwekwa mara 9 inatoa milimita 4 na kidogo. Mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani mpaka milimita 7 hivi. Ya mzee hufunguka kidogo kuliko hapo. Basi wakati wa magharibi, ukiiacha mara 9, jicho linapewa mwanga pungufu ya uwezo wake na mnyama anakuwa kivuli. Ukiirudisha mara 6, duara linakuwa karibu milimita 7, na unaona vizuri bila kulipa hata senti moja. Wapo wanaonunua darubini yenye kioo cha milimita 50 au 56 ili kupata mwanga huo huo. Hiyo ni nzito, tena hufungwa juu zaidi, hata shavu haligusi kitako cha bunduki barabara. Sioni sababu ya mkulima kuibeba. Vipo pia vyombo vya kuona gizani kwa joto la mnyama. Bei yake ni kubwa, na sheria yake si moja katika kila jimbo. Mwenye banda la kuku ishirini asifikirie habari hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wenye duka husahau kulisema. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepimwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100 au zaidi; za bunduki ya .22 zimepimwa kwa yadi 50 au 60. Ukiifunga ile ya kwanza juu ya .22 na kulenga kitu kilicho yadi 25, utaona msalaba wa ndani unahama juu ya shabaha kila ukisogeza jicho, ingawa bunduki haikutikisika. Kwa mnyama mkubwa si neno. Kwa kichwa cha wudichaki, ambacho upana wake ni inchi 2 hivi, ni neno kubwa. Basi kwa .22 uulize ile iliyotengenezwa kwa .22. Na msalaba wenyewe uwe wa nyuzi nene pembeni na nyembamba katikati. Ile yenye vistari na namba nyingi kama rula huchanganya jicho na haina kazi katika yadi 100.

Ukifika dukani, omba ruhusa ya kutazama nje kwa kupitia mlango, na kama unaweza nenda jioni. Tazama maandishi yaliyo kivulini, siyo yaliyo juani. Je, herufi za pembeni ya kioo ni safi kama zile za katikati? Sogeza kichwa mbele na nyuma. Picha nzima ionekane jicho likiwa inchi 3 na nusu hivi kutoka kwenye kioo, na isitoweke kwa kusogea kidogo tu. Geuza pete, iwe nzito kidogo lakini isikwame, na ujaribu ukiwa umevaa glovu. Uliza kama imezibwa maji yasiingie na kujazwa gesi kavu ya kuzuia ukungu. Halafu uliza bei ya vikuku vya kuifungia. Watu hununua darubini ya dola 200 na vikuku vya dola 8, kisha hulaumu darubini. Vikuku vikilegea hata kwa unene wa karatasi, risasi haitakwenda ulikolenga.

Kuifunga si kazi ngumu, ila inataka utulivu. Kwanza hakikisha bunduki haina risasi, na sanduku la risasi liwe chumba kingine. Vaa koti lako zito la baridi, maana koti hilo husogeza bega na jicho nyuma. Ukiifunga kwa fulana mwezi wa Julai utaona duara jeusi mwezi wa Januari. Weka bunduki begani ukiwa umefumba macho, kisha yafumbue. Usipoona picha nzima, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka uione. Ili msalaba usimame sawasawa, tundika uzi wenye jiwe kama timazi la mwashi, mbali yadi 20, bunduki ikiwa imelala sawa, ukalinganishe uzi wa wima wa ndani na uzi huo. Kaza skrubu kidogo kidogo, moja upande huu na nyingine upande ule, kama unavyokaza gurudumu la gari. Usizikaze kwa nguvu zako zote, kwani bomba la darubini ni jembamba na hubonyea.

Sasa bado kuipima kwa risasi, na kazi hii hufanywa mahali palipo na ukingo mrefu wa udongo nyuma ya shabaha. Juu ya darubini kuna vifundo viwili, kimoja cha kupandisha na kushusha, kingine cha kulia na kushoto. Kwa kawaida kila mlio mmoja wa kifundo huhamisha risasi robo ya inchi mahali palipo yadi 100. Lakini ukipima kwa yadi 50, mlio huo ni nusu ya robo, yaani inchi moja hutaka milio 8. Na kwa yadi 25 hutaka milio 16. Wengi hukosea hesabu hiyo wakasema darubini ni mbovu. Anza yadi 25. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi 3 ukilenga pale pale, tafuta katikati ya matundu 3, ndipo ugeuze. Usigeuze kwa sababu ya tundu moja. Kisha nenda yadi 50 ukamalize hapo.

Bunduki ya .22 iliyopimwa hivyo kwa yadi 50, risasi yake huwa imeshuka inchi 2 hivi ikifika yadi 75, na inchi 6 hivi ikifika yadi 100. Inchi 6 ni kumkosa wudichaki kabisa, au vibaya zaidi, ni kumvunja mguu akafie shimoni. Kwa hiyo mwisho wako uwe yadi 75, darubini ikuze itakavyokuza. Kwa koyote risasi hiyo ni ndogo mno. Usimjeruhi mnyama kwa kitu kisichomwua. Bunduki ya .223 ikipimwa ipige inchi 1 na nusu juu ya shabaha kwa yadi 100, itarudi kwenye shabaha karibu na yadi 200, na mwenye eka 4 hana haja ya kuhesabu zaidi ya hapo. Na kama banda la kuku lipo yadi 30 tu kutoka mlangoni pako, bunduki ya marisau isiyo na darubini yoyote ndiyo itakayokufaa kwa koyote.

Usidharau .22 kwa udogo wake. Risasi yake huweza kwenda maili 1 na nusu, tena huruka kwa urahisi ikigonga jiwe, maji, au ardhi iliyoganda kwa baridi. Mwezi wa Aprili mashamba yetu bado ni magumu kama saruji. Mnyama aliye juu ya kilima na mbingu nyuma yake hapigwi. Mngoje ashuke, au mwache aende.

Mwisho ni utunzaji. Ukitoka nje penye baridi kali kuingia nyumbani penye joto, kioo huota jasho. Ikiwa utatoka tena baada ya muda mfupi, acha bunduki mahali penye baridi palipofungwa kwa kufuli. Vumbi la kioo lipulize kwanza, halafu litoe kwa brashi laini. Ukifuta kwa pindo la shati au kanga unasugua mchanga juu ya kioo. Bunduki ikianguka, au mtoto akigeuza kifundo, ipime upya kabla ya kuitumia. Ndiyo sababu yafaa kuandika katika kikaratasi tarehe uliyopima, umbali, na jina la risasi uliyotumia, kwa kuwa risasi ya namna nyingine haitapiga mahali pale pale. Kikaratasi hicho kibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la darubini. Risasi ziwekwe mahali pengine penye kufuli ya pili, na ufunguo wake akae nao mtu mzima mmoja tu wa nyumba.